Mpango wa Kuwaonjesha Watoto Kazi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo duniani. Nimeulizia kwa majirani zake wote, na kila mmoja amekana kupakana nayo. Kwa hiyo msomaji akiona humu jambo linalofanana na la kwao asinilaumu mimi; awalaumu wa kwao.

Nchi hiyo ina joto la kukaanga yai juu ya bati. Hata hivyo kila mtumishi wa serikali anamiliki koti zito la sufu, lenye bitana na mifuko ya ndani, na koti hilo hulithamini kuliko mke. Sababu yake ni ya kisheria. Zamani serikali ilisumbuliwa sana na utoro kazini. Mwananchi alikwenda ofisini, akakuta kiti kitupu, akarudi kwao akitukana. Wakubwa wakakaa, wakatafakari, wakapitisha Kanuni ya Koti, isemayo kwamba mtumishi atahesabiwa yupo kazini kwa muda wote ambao koti lake lipo juu ya kiti chake. Tangu siku hiyo utoro umekwisha kabisa. Nchi hiyo sasa inaongoza ulimwengu mzima kwa mahudhurio, kwa mujibu wa nchi hiyo yenyewe.

Koti likishawekwa haliondolewi, hata kufuliwa. Koti likienda kwa dobi, mwenyewe ameacha kazi. Ndiyo maana ofisi zao zina harufu fulani nzito ya jasho la zamani na panya, ambayo wageni huiogopa na wenyeji huiita harufu ya utumishi wa umma. Mimi nimeinusa, na sina la kuongeza.

Basi ikatokea kwamba Waziri wa Elimu, Ajira na Mengineyo, Mheshimiwa Daktari Mara Mbili Simbeye Kakulu, akasafiri kwenda nchi za mbali kujifunza. (Udaktari wa kwanza alipewa na chuo alichokijenga, wa pili na chuo alichotishia kukifunga.) Huko akaonyeshwa kiwanda, na ndani ya kiwanda akamwona mtoto wa sekondari, amevaa kofia ngumu, anakaza nati. Mheshimiwa alisimama akamtazama yule mtoto mpaka machozi yakamtoka. Akauliza, "Huyu amekosa nini?" Wakamweleza kwamba hajakosa kitu, anasoma shule, na kazi ni sehemu ya masomo yake. Waziri aliporudi nyumbani alitangaza uwanjani, kabla hata mizigo yake haijateremshwa, kwamba kuanzia sasa watoto wa nchi yake nao wataonjeshwa kazi.

Kamati ikaundwa. Ilikutana kwenye hoteli moja ya milimani, mbali na makoti yao, na hapo ikafanya kazi ngumu ambayo sitaki mtu aibeze. Asubuhi yote walijadili jina la mpango. Baada ya chai na sambusa mjumbe mmoja aliyekuwa mgeni kwenye kamati akauliza kazi yenyewe ni nini hasa. Mwenyekiti akasema swali ni zuri, akaunda kamati ndogo imtafute mtu aliyewahi kuifanya. Kamati ndogo ikampata mchimba mitaro mmoja, ikamleta hadi mlangoni, lakini hakuwa na koti, hivyo walinzi wakamrudisha. Suala likaahirishwa. Mpaka leo limeahirishwa.

Hata hivyo mwongozo ulitoka, wenye jalada la rangi na picha ya Waziri akikaza nati. Uliagiza kila mwanafunzi wa kidato cha tatu apelekwe kwenye ofisi ya umma kwa mwezi mmoja. Akiwa huko aione kazi, aisikie kazi, na ikibidi ainuse. Ila asiiguse, kwa kuwa kazi ni mali ya serikali. Mwisho wa mwezi atakaguliwa na kupewa cheti. Asiyekuwa na cheti hatafanya mtihani wa kidato cha nne, na asiyefanya mtihani huo anajulikana anakoishia.

Siku ya uzinduzi wanafunzi walisimama juani kumsubiri mgeni rasmi, ambaye ni Waziri mwenyewe. Alichelewa kidogo, kama wakubwa wanavyochelewa, yaani mpaka jua likapinda. Waliozimia walipangwa kivulini, na mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba hao wameshaanza kuonja.

"Ndugu zangu," akasema Mheshimiwa alipofika, akijipangusa mchuzi kidevuni, "wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi viongozi wenu tulikunjwa tukiwa tumeshakauka, ndiyo maana wengine wetu mpaka leo tunaumwa viungo." Makofi. "Mtoto wa nchi hii asije akakua haijui ofisi! Akiulizwa ofisi ni nini, ajibu! Kiti akijue! Na koti, ndugu zangu, koti! Wapo vibaraka wanaosema koti ni joto. Mwacha asili ni mtumwa!" Makofi tena, na ngoma, na watoto wengine wawili wakaanguka.

Miongoni mwa waliobaki wamesimama alikuwapo msichana mmoja aitwaye Chiku Mandondo. Mama yake aliuza uji na vitumbua kwenye lango la hospitali ya mji, na pale langoni Chiku alikuwa ameona wajawazito wakiletwa kwa baiskeli na wengine wakirudishwa wamefunikwa shuka. Alikuwa ameapa kwamba atakuwa mkunga. Chuo cha ukunga hakimpokei mtu asiyefanya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo cheti hiki, ambacho wenzake walikiona cha kuchezea, kwake kilikuwa mlango wenyewe.

Alipangiwa Ofisi ya Vizazi na Vifo. Wenzake walipata ofisi nyingine, na wote, kwa ushauri wa kaka zao waliokwisha kuajiriwa, walikwenda kwanza mnadani kununua sweta. Siku moja tu mitumba yote ya masweta ikaisha mjini. Hata yale ya watoto wachanga yalinunuliwa. Asubuhi ya kwanza kila mwanafunzi aliingia ofisini kwake, akalitundika sweta lake kwenye kiti alichoonyeshwa, akatoka. Baadhi walikwenda kucheza mpira, na baadhi walikwenda kulala. Walimu wao walisema hawajawahi kuona kizazi kinachoelewa somo haraka namna ile.

Chiku hakuwa na sweta. Mama yake alizunguka mnada mzima akaambulia soksi moja ya sufu, wakaona haitafaa. Kwa hiyo Chiku alifanya jambo ambalo katika nchi ile hulifanya mtu aliyeishiwa kabisa: alikaa kwenye kiti mwenyewe.

Ndani ya ofisi alimkuta tarishi mmoja mzee, Mzee Koba, akipita kiti hadi kiti na brashi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepotea?"

"Hapana babu. Nimeletwa kujifunza kazi."

"Aa, ndio nyie." Mzee Koba akaendelea kupangusa. "Mimi huku nawapangusa vumbi wakubwa. Huyu hapa ndiye Mkuu wa Ofisi. Yule wa dirishani ni Msaidizi wake. Yule pale mwenye mabega yaliyoliwa na nondo alifariki mwaka juzi, lakini koti lipo, kwa hiyo tunaye. Mwaka huu wamempandisha cheo. Sweta lako liko wapi?"

"Sina, babu."

Mzee Koba akamtazama kwa huruma kubwa. "Basi itabidi ukae hapo hapo, maskini. Ila usiguse kitu."

Tatizo la mtu kukaa kwenye kiti ni kwamba anaonekana. Nje ya dirisha palikuwa na foleni ambayo haikumbukwi ilianza lini. Watu walirithiana nafasi ndani yake, na inasemekana zipo ndoa zilizofungwa humo. Wa mbele kabisa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, alipoona uso wa mtu mahali palipozoeleka koti, alipiga kelele. Kisha akauliza kwa woga kama anaweza kupata kadi ya kuzaliwa ya mtoto.

Chiku akafungua droo. Kadi zilikuwamo tele, zote zimeshatiwa saini na kupigwa mhuri. Mkuu wa Ofisi alikuwa amezisaini miaka kadhaa nyuma, zote kwa mkupuo, ili asije akasumbuliwa tena maishani. Zilingoja tu mtu wa kuandika jina. Mwongozo ulikataza kuigusa kazi, hilo Chiku alilijua. Lakini mtoto alikuwa amemkodolea macho, na kuandika jina ni jambo analoliweza mtu wa darasa la pili. Akaandika. Yule mama akaitazama kadi, akaigeuza, akalia, akaondoka akikimbia asije akanyang'anywa.

Habari zikaenea mjini kama moto wa nyasi kavu, kwamba pale Vizazi na Vifo yupo mtu. Watu walikuja kutazama tu kwanza. Halafu wakaanza kuleta shida zao, na Chiku akawa anaandika kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wiki ya pili foleni ikawa fupi kiasi kwamba wazee waliokulia ndani yake walitoka wakapotea njia ya kurudi majumbani.

Serikali ilipata mshtuko. Idara ya Takwimu ilitangaza kwamba katika mji ule wananchi wanazaliwa kwa wingi wa kutisha, wengine wakiwa na ndevu. Madaktari wakatumwa kuchunguza. Upande wa vifo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu waliokufa zamani walianza kuandikwa kwamba wamekufa, na kila aliyeandikwa aliondolewa kwenye daftari la wapiga kura. Chama tawala kikajikuta kinapoteza wafuasi wake watiifu kuliko wote, ambao hawakuwahi hata siku moja kuuliza swali wala kudai barabara. Mwenyekiti wa chama aliomboleza hadharani. Nilimwona, na nakiri kwamba sijawahi kuona mtu akiwalilia marehemu kwa dhati namna ile.

Ndipo akaja Mkaguzi, Bwana Tenende, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Alisimama mlangoni akakitazama kiti cha Chiku, na Chiku akiwa juu yake.

"Mwanafunzi Chiku Mandondo hayupo kazini," akasema.

"Nipo, baba. Ndimi hapa."

"Sijakuuliza wewe. Nakagua kiti. Sweta liko wapi?"

"Sina sweta, baba. Lakini mimi mwenyewe nipo tangu asubuhi. Waulize watu hao dirishani."

Bwana Tenende akatabasamu kwa uvumilivu. "Binti, sikiliza. Mtu anaweza kuja akaondoka. Anaweza kwenda msalani. Anaweza kuumwa. Je, sweta huumwa? Serikali haiwezi kujengwa juu ya kitu kisichotulia kama mtu. Nakupa mpaka Ijumaa. Kiti kikiwa hivi hivi, nakuandika mtoro."

Jioni ile Chiku alimwambia mama yake, na Mama Chiku, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alizima moto wa uji. Kesho yake alivaa kanga zake nzuri akaenda wizarani kumwomba Mkurugenzi wa Mafunzo Kazini amhurumie mwanawe. Alipanda ngazi na kupita vyumba, na kila chumba alichogonga alikuta kiti na koti. Alipofika kwa Mkurugenzi alikuta koti kubwa kuliko yote, jeusi, lenye vifungo vya shaba, limekaa nyuma ya meza pana.

Mama Chiku alikuwa mtu wa adabu. Akalisalimia. Akalieleza habari zote: mtoto hana baba, mtoto ana akili, mtoto anataka ukunga. Aliongea na lile koti mpaka sauti ikamkauka. Baadaye alisimulia kwamba kilichomchoma si kule kutojibiwa, maana kutojibiwa na wakubwa amezoea. Ni kwamba alijikuta amepiga magoti. Aliposhtuka kwamba amelipigia magoti koti, yeye, mwanamke mzima aliyelea mtoto kwa mikono yake, damu ilimchemka. Akainuka, akalizunguka lile jimeza, akalishika koti la Mkurugenzi ukosini kama mtu anavyomshika mwizi, akalikunja kwapani, akashuka nalo.

Walinzi hawakumzuia. Walipoona vifungo vya shaba walipiga saluti.

Mkurugenzi mwenyewe wakati huo alikuwa kwenye baa iliyo mkabala na wizara, anapofanyia kazi zake zote. Habari zikamfikia kwamba kiti chake ni kitupu. Akaja mbio, shati likimtoka suruali, mara yake ya kwanza kukanyaga wizarani mwaka ule. Langoni wakamkatalia.

"Ni mimi Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi ametoka sasa hivi," akasema mlinzi. "Tumempigia saluti wenyewe. Alikuwa na mama mmoja."

Akafukuzwa kazi kwa utoro siku iyo hiyo. Nasikia bado yupo pale baa, na hakuna aliyeona tofauti.

Ijumaa ilipofika Mama Chiku alifuatana na binti yake hadi Vizazi na Vifo, akalitandaza lile koti kwenye kiti cha Chiku kwa mikono yake, akalinyoosha mabega. Bwana Tenende alipoingia na kuona vifungo vya shaba, alibana miguu kama askari. Akainama mbele ya kiti. Akamwandikia Chiku alama zote zilizopo, akaongeza na sifa ya uongozi, akasema cheti ataondoka nacho leo leo; anakwenda tu chumba cha pili kumalizia ukaguzi wa masweta mengine, kisha atarudi kumkabidhi.

"Nawe binti usisimame karibu na kiti," akamwonya. "Usije ukachanganya hesabu."

Chiku akasogea ukutani. Mama yake akamshika mkono akaubana. Cheti kilikuwa chumba cha pili, na baada ya cheti mtihani, na baada ya mtihani chuo. Ilibaki kusimama kimya tu, jambo ambalo nchi ile hufundisha vizuri kuliko mengine yote.

Hapo ndipo alipofika dirishani kijana mmoja fundi baiskeli, Hatibu. Alikuwa na grisi mikononi na macho yamevimba. Hakumwona Chiku ukutani. Aliliona koti, akaanza kuliambia koti.

"Samahani mkubwa. Mke wangu amefariki alfajiri, kwenye uzazi. Hospitali hawanipi mwili mpaka nipate kibali cha kuzika. Na joto hili, mkubwa. Jokofu la pale limekufa. Nilisikia hapa yupo mtu."

Koti halikusema kitu. Hatibu akasubiri. Kisha akarudia maneno yale yale tangu mwanzo, kwa heshima zaidi, akidhani labda kakosea namna ya kuyasema.

Mzee Koba akamnong'oneza Chiku, "Mjukuu wangu, mwache. Bado kidogo tu. Kesho atarudi."

Mimi ni mtu mpole, na nimeisimulia hadithi hii kwa upole mpaka hapa. Lakini naomba niseme wazi kwamba nchi inayomfanya mfiwa aliombe koti radhi inastahili kutemewa mate, na waliotunga kanuni ile nawadharau, na waliowapigia makofi nawadharau zaidi. Nimemaliza. Naendelea.

Chiku alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamtazama Hatibu. Wanawake waliofunikwa shuka alikuwa amewaona wengi kule langoni, na mke wa Hatibu aliletwa jana, angali hai, akapitishwa mbele ya sufuria lake la uji. Wala hakutikisa kichwa kukubali au kukataa. Aliuachia tu mkono wa binti yake.

Chiku akakiendea kiti, akalivua lile koti.

"Mama, nishikie."

Mama Chiku akalipokea. Chiku akakaa, akafungua droo, akauliza kwa sauti ya chini, "Pole sana kaka. Marehemu aliitwa nani?"

Alikuwa anamalizia kuandika jina kwenye kibali, kilichosainiwa kitambo kama zile kadi, wakati Bwana Tenende aliporudi na cheti mkononi. Akakiona kiti. Akamwona mtu juu yake. Hakugomba, alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akakichana cheti vipande viwili, akasubiri kidogo, akavichana tena. Hatibu alikuwa ameshachukua kibali chake, anakimbilia hospitali.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa Simbeye Kakulu alilihutubia taifa kuhusu mafanikio ya Mpango. Alisimama mbele ya wanadiplomasia na bendi ya polisi. Nyuma yake, kwenye viti vya wageni wa heshima, yalikuwa yamepangwa masweta ya wanafunzi bora, kila moja limevishwa taji la maua.

"Ndugu wananchi," akasema, "nina furaha kuwatangazia kwamba watoto wetu wote nchi nzima wamefaulu mafunzo ya kazi. Tumempoteza mmoja tu, msichana, ambaye tulimwonya mara moja na hakusikia." Akashusha sauti, na uwanja mzima ukainamisha vichwa. "Alikutwa anafanya kazi."